"Unamlea mtoto, au unalea upweke wako?"

SWALI

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Lubumbashi, kwa hiyo nyumbani tunamwona siku nne au tano kwa mwezi, na Tunduma ikijaa magari mwezi mwingine unapita hatumwoni kabisa. Mimi nachoma vitumbua. Huu ni mwaka wa tisa, na ndiyo kazi iliyoniletea hili ninalokuandikia.

Mchele nauloweka mchana. Usiku nausaga na tui na iliki, natia hamira na sukari, nafunika. Ikifika saa kumi na nusu alfajiri unga umeumuka, nawasha mkaa uani na kuteleka chuma. Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Alipokuwa na miaka mitano aliota ndoto mbaya, akanifuata uani analia. Nikamkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, upande wa meno nikaugeuzia ukutani, nikampa kitumbua cha kwanza. Kesho yake akaja tena, safari hii bila ndoto. Tangu siku hiyo pale ni pake.

Mimi namimina, yeye anageuza kwa spoku ya baiskeli ambayo baba yake alimnolea ncha. Chuma chetu kina tundu saba, na kitumbua cha tundu la katikati ndicho chake, kwa sababu za pembeni huwa zinaungua upande mmoja. Anakila kwa kukihamisha mkono huu na mkono ule, anapuliza. Zamani juu ya ile mbuzi alikuwa anaenea vizuri. Siku hizi magoti yanamfika kidevuni.

Hatuzungumzi sana. Robo saa nzima inaweza kupita bila mtu kusema kitu, nasikia mafuta tu. Lakini karibu yote ninayoyajua ya moyoni mwake nimeyasikia pale gizani, yeye macho yako kwenye chuma. Pale ndipo aliponiambia kwamba hajui kuogelea na anawadanganya wenzake kuwa anajua. Pale ndipo aliponiuliza kama baba yake huwa anaogopa akiwa njiani usiku. Mchana ukimwuliza jambo anakujibu "poa tu" huku anatafuta mpira.

Sasa shida yangu. Kaka yangu yuko Morogoro, Mungu amemjalia. Alitaka kumchukua akasome bweni tangu yuko darasa la tatu, mwaka 2023. Mwaka ule ule serikali ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na sikufichi, nilishukuru kimoyomoyo. Sasa darasa la tano linaisha na kaka amerudi na neno lile lile: Januari 2026 mtoto aingie darasa la sita huko, shule ya bweni, ada atalipa yeye mpaka amalize. Anasema mwaka 2027 darasa la saba na darasa la sita la mtaala mpya watamaliza pamoja, kwa hiyo Januari 2028 watoto wataingia kidato cha kwanza mikondo miwili kwa mpigo, na ambaye hakuandaliwa mapema atapotea kwenye huo msongamano. Siwezi kusema anakosea. Shule anayosoma mwanangu ni nzuri kwa walimu wake, lakini darasani wako zaidi ya 90. Na mwezi uliopita mwalimu wa hisabati aliniita, akasema mtoto ana akili ila kipindi cha kwanza anasinzia. Jioni anakwenda chuo cha Kurani, anarudi baada ya isha, anakula, anafanya kazi za shule. Mpaka alale ni saa nne.

Mama mkwe naye ana lake. Anasema mtoto wa kiume hakai mekoni na mama yake mpaka ndevu zimwote, atamharibu. Mume wangu yeye yuko upande wa kaka, kwa sababu na yeye alisoma bweni. Nilipomwambia kwenye simu kwamba nitamkosa mwanangu, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Wewe unamlea mtoto, au unalea upweke wako?" Hakusema kwa ubaya. Lakini limenikaa.

Limenikaa kwa sababu nadhani ni kweli, Mama. Zamani alikuwa anaamka mwenyewe. Siku hizi naingia ndani polepole nisimwamshe mdogo wake, namgusa unyayo mara moja, anaelewa, anatoka na shuka begani. Unyayo wenyewe umeshakuwa mkubwa kama wangu. Na si kwamba nina haja ya msaidizi, vitumbua nilivichoma peke yangu miaka. Namwamsha ili akae.

Nilimwuliza: unataka kwenda kwa mjomba? Akasema, "Vyovyote utakavyosema, mama."

Kuna kitu kingine kidogo, sijui kama kina maana. Ramadhani mwaka huu biashara ilihamia jioni kama kawaida. Nikawa nachoma baada ya alasiri, uani pamejaa mawifi na watoto wa jirani, ile saa yetu ikafa. Yeye hakuonekana kujali. Usiku mmoja kwenye kumi la mwisho, baada ya tarawehe, nilikuwa kibarazani peke yangu nachambua mchele. Akaja, akakaa ngazini, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua na yeye. Hakusema neno mpaka tulipomaliza. Alipokwenda kulala nililia, na sijui nilikuwa nalia nini.

Kaka anataka jibu kabla ya Desemba. Nikimwacha aende, naona nitakuwa nimekata kitu ambacho hakitaunganika tena. Nikimzuia, je, siku moja hataniambia nilimfungia njia kwa ajili ya moyo wangu?

Mama wa Uani, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu, mama wa watoto wawili na wa chuma cha tundu saba.

Naomba kwanza nikuambie ninavyoisoma barua yako, ili kama nimekosea unisahihishe. Naona umefungwa mambo mawili kwa kamba moja. La kwanza ni shule: mtoto wa miaka 11, darasa la watu 90, mjomba mwenye uwezo na nia njema, na tarehe ya kujibu. La pili ni ile saa yenu ya alfajiri. Kaka yako anapozungumza habari ya mwaka 2028, mama mkwe anapozungumza habari ya uanaume, mumeo anapozungumza habari ya upweke, wewe masikioni mwako linaingia neno moja tu: saa yako na mwanao imekwisha. Ndiyo maana huwezi kulipima pendekezo la kaka yako. Hujalisikia bado. Umesikia msiba.

Tuanze na neno la mumeo, kwa sababu ndilo linalokunyima raha. Amekuuliza unamlea mtoto au unalea upweke, kana kwamba ni lazima iwe kimoja. Mimi sioni hivyo. Usiku ule wa ndoto mbaya walikutana uani wapweke wawili, mmoja ana miaka mitano na mwingine mume wake yuko safarini, na wote wawili wakapata pa kukaa. Mama akifurahia kukaa na mwanawe, furaha yake haipunguzi malezi. Mtoto anajua anapokaa na mtu anayetaka awepo, na nadhani ndiyo maana huyu wako anaweza kutaja pale jambo la aibu kama la kuogelea. Kwa hiyo usikubali haraka kwamba miaka sita hii ulikuwa unajilea mwenyewe.

Lakini pia sitaki ulitupe neno hilo. Wewe mwenyewe umeandika, "Namwamsha ili akae." Umeliandika bila kulizungushia, na nimekuheshimu kwa hilo. Soma tena aya yako ile. Umesema zamani alikuwa anaamka mwenyewe, na siku hizi unamgusa unyayo. Sijui kama uliliona ulipokuwa unaliandika. Kati ya zamani na siku hizi kuna kitu kimebadilika kwa mtoto, na hicho kitu inawezekana ni mwili tu. Piga hesabu na mimi. Analala saa nne, unamwamsha saa kumi na nusu. Ni saa sita na nusu. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kwa usiku. Wako anakosa zaidi ya saa mbili kila siku iendayo kwa Mungu. Kipindi cha kwanza anasinzia, mwalimu anaona, wewe unaitwa, kaka yako anasikia, na hapo shule ya Ngamiani inaonekana haifai. Huenda haifai kweli. Lakini mpaka mtoto alale, hakuna mtu, si mwalimu, si mjomba, wala mimi, anayeweza kusema kwa hakika kinachomrudisha nyuma ni wingi wa wenzake au ni usingizi.

Najua hilo linauma, maana maana yake saa unayoipenda ndiyo inayomlipisha. Vumilia kidogo, kwa sababu barua yako ina kitu kingine, na umekiweka mwishoni ukisema hujui kama kina maana.

Kina maana. Usiku ule wa kumi la mwisho hukumgusa unyayo. Hapakuwa na chuma, hapakuwa na kitumbua cha katikati, hapakuwa na mbuzi. Alikutafuta mwenyewe akakuta unachambua mchele, akachagua kukaa ngazini, akavuta ungo. Mtoto aliyekuwa anakuja kwa sababu ya mazoea au kwa sababu ya kitumbua asingefanya vile. Wewe ulidhani saa imekufa, kumbe mwenzako aliibeba akaihamishia kibarazani. Nadhani ndicho kilichokuliza.

Nakuomba ulitafakari hilo kabla ya kuendelea kusoma. Umekuwa ukihofu kupoteza alfajiri. Yeye, kwa nionavyo, hajashikilia alfajiri. Ameshikilia kukaa nawe kimya, mikono ikiwa na kazi. Hivi ni vitu viwili, na cha pili kinahamishika: kinaweza kuwa kibarazani saa mbili na nusu usiku, dakika ishirini za kuchambua mchele wa kesho, halafu alale saa tatu. Kinaweza kuwa alfajiri ya Jumamosi peke yake. Sikuahidi kitakuwa na ladha ile ile. Giza la alfajiri lina heshima yake, watu wanasema ndani yake mambo ambayo usiku wenye taa na televisheni ya jirani hawayasemi. Mnaweza kukaa kibarazani wiki tatu na asiseme kitu. Hiyo ni hasara ya kweli, nami siiiti ndogo.

Mimi nilikuwa namsuka binti yangu kila Jumapili alasiri, amekaa kwenye mkeka kati ya magoti yangu. Alipofika miaka 13, Jumapili moja akarudi kashasukwa na rafiki yake. Nikamgombeza kwamba mistari imepinda. Mistari haikuwa na neno. Hakuna aliyempeleka bweni, hakuna mjomba aliyekuja na ada, alikuwa chumba cha pili tu, na saa yetu ilikwisha hivyo hivyo. Nakuambia hili kwa sababu umeandika kana kwamba ukisema hapana kwa Morogoro saa yako itabaki. Mtoto ambaye magoti yanamfika kidevuni anakua hapo hapo Ngamiani pia.

Sasa shule yenyewe. Kaka yako hajakudanganya. Mfumo mpya unapunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka 2027 mikondo miwili inamaliza pamoja. Hofu ya msongamano ni ya haki. Ila msikilize pia kwa sikio la pili: sera hiyo hiyo, ya mwaka 2014 toleo la 2023, inasema elimu ya lazima ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Sisi wa zamani tulilelewa tukijua kwamba mtihani wa darasa la saba ni tundu la sindano, ukikosa umekosa maisha, na hofu ile bado tunaisemesha kwa watoto wetu. Swali la mwanao si sana kama ataingia sekondari. Ni ataingia ipi, na akiwa ameshika nini kichwani. Hilo linakupa pumzi kidogo.

Bweni kwa mtoto wa miaka 11 laweza kumfaa. Nimewaona waliokwenda wakapata walimu wanaowajua kwa jina, ratiba, usingizi wa kutosha, na marafiki wa kudumu. Hata hilo la kuogelea, mtoto anayelazimika kuwadanganya wenzake wa mtaani huenda akapumua mahali ambapo hakuna anayemjua, akaanza upya. Mumeo alipitia huko na akatoka mtu mzima mwema, na ushahidi wake una uzito.

Lakini nina wasiwasi mmoja, nao unatoka kwenye maelezo yako mwenyewe. Umenieleza mtoto ambaye hasemi mchana. Anasema akiwa hatazamwi, na mtu mmoja, baada ya kimya kirefu. Je, akisumbuliwa na mkubwa wake bwenini saa tano usiku, atamwambia nani? Kwa simu ya matroni iliyopangiwa dakika tano, foleni imesimama nyuma yake? Atasema "poa tu," kama anavyosema mchana, na wewe utaamini. Sisemi hili ili ukatae. Nalisema ili ujue la kuulizia. Kama mtafikia kwenda, nendeni mkaione shule kabla ya shilingi kulipwa. Uliza kama ina kibali cha bweni. Ingia mabwenini, hesabu vitanda, uliza ni mtu mzima gani analala karibu nao na ni wangapi kwa mlezi mmoja. Uliza wa darasa la sita wanalala na wa umri gani. Uliza kama unaruhusiwa kupiga simu siku isiyo ya zamu. Na mwulize kaka yako jambo ambalo pesa haijibu: atakuwa anakwenda kumwona mara ngapi, yeye mwenyewe? Maana kutoka Tanga mpaka Morogoro kwa basi, Segera na Chalinze, siku yako imekwisha, na siku hiyo hakuna aliyechoma vitumbua.

Kuna njia za katikati, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumwomba kaka asubiri kidato cha kwanza, mtoto akiwa na miaka 14, ameshaanza kujisemea. Mwiba wake ni kwamba pesa ya mtu ina majira, ya leo inaweza isiwepo 2028, na darasa la 90 litabaki 90 kwa miaka miwili ambayo ndiyo ya msingi. Unaweza kumwuliza kama sehemu ya ada ile ingeweza kulipia tuisheni au shule ya kutwa yenye darasa dogo hapo hapo Tanga. Hapo angalia namna ya kusema, kwa sababu kaka anayetoa hupenda atoe anavyojua yeye, na anaweza kuona umemchagulia zawadi yake. Mwambie ukianza na shukrani na hofu yako ya kweli, usianze na hesabu. Na unaweza, kabla ya yote hayo, kumrudishia mtoto usingizi wake sasa hivi, wiki hizi zilizobaki, ukarudi kwa mwalimu wa hisabati ukamwuliza: anasinziaje sasa? Jibu lake litakusaidia kuliko langu.

Habari ya mama mkwe naipita haraka. Pwani yetu hii pilau ya harusi hupikwa na wanaume, na hakuna aliyewahi kuuliza mekoni walifundishwa na nani. Mheshimu, mwitikie, na usibishane naye mbele ya mtoto.

Mumeo simpiti haraka. Umenitajia, kwa neno moja tu, kwamba spoku ya mtoto aliinoa yeye. Mtu anayenoa spoku ili mwanawe ageuze vitumbua anaijua saa hiyo, anaijua vizuri, na huenda hajawahi kukaa ndani yake hata mara moja. Akiwa nyumbani zile siku nne, alfajiri huwa unamwacha apumzike, si ndiyo? Ni huruma, amechoka. Lakini alipouliza habari ya upweke, je, ulimsikia akiuliza upweke wa nani? Siwezi kumsemea. Ningekuwa wewe ningemwambia akirudi, "Njoo uani kesho," nimtafutie kigoda, nione inakuwaje. Inawezekana kimya kikavurugika, inawezekana mtoto akanyamaza kabisa mbele ya baba yake. Inawezekana pia akamwuliza yeye mwenyewe lile swali, kama huwa anaogopa njiani.

Na mtoto. Tumezungumza ukurasa mzima habari zake, na yeye katika barua yako amesema maneno matatu kuhusu jambo lenyewe: vyovyote utakavyosema, mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa kwenye maamuzi yanayomhusu, lakini wewe huhitaji sheria kujua kwamba lile halikuwa jibu. Alikutazama usoni, akaona jibu unalolitaka, akalikwepa asikuumize. Ukimwuliza tena unataka kwenda au kubaki, atarudia lile lile. Mwulize vingine, na umwulize mikono yake ikiwa na kazi. "Ukienda, nini kitakusumbua?" Nyamaza. Asipojibu siku hiyo, mwache. Siku nyingine, "Na ukibaki, nini kitakusumbua?" Jiandae kwa hilo la pili, maana anaweza kusema anataka kwenda, na anaweza kusema amechoka kuamka. Akilisema, usilie mbele yake, na usimwambie hapana, hapana, kwa nini hukuniambia. Mshukuru. Atakuwa amekuamini kwa jambo zito kuliko la kuogelea.

Mdogo wake umemtaja mara moja tu, amelala, unapita polepole usimwamshe. Sikuambii umwamshe. Nimemwona tu, nikaona nikuambie kwamba nimemwona.

Sina jibu la kumpa kaka yako kwa niaba yako, mwanangu. Una wiki kadhaa kabla ya Desemba. Kwa kuanzia nakuomba kitu kimoja cha Jumamosi hii. Usiingie chumbani kumgusa unyayo. Washa mkaa, teleka chuma, mimina, geuza mwenyewe kwa ile spoku. Mbuzi iweke pale pale, meno yaelekee ukutani. Akitoka mwenyewe na shuka lake, msogezee. Asipotoka, cha katikati mfunikie kwenye sahani, na akiamka kumekucha mpe, halafu uniandikie alikilia wapi.